Umesimama Wapi?

Mimi nauza dagaa, na mdomo wangu unajulikana kuanzia Marachi mpaka Sofia kule ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo nikianza kumsifu mtu, jua anastahili. Leo nataka kumsema Norah. Kumsengenya nimemsengenya miaka yote, tena akiwa amekaa hapo kando yangu akinisaidia kwa kucheka, lakini leo nataka kumsema jinsi alivyo. Maana hawa watoto wa siku hizi wakimwona na gunia lake la mihogo mikavu wanadhani ni mama tu wa sokoni. Ati mama tu! Ngojeni.

Norah alizaliwa Sikuda, upande wa Uganda, akaolewa huku Busia ya Kenya na fundi wa baiskeli. Fundi akafa mapema, Mungu amweke pema, naye Norah akabaki na biashara ya mtama na mihogo. Mtama aliutoa Kirewa, huko Tororo, kwa mkulima mmoja aitwaye Ogwang. Mihogo aliitoa kwao. Vyote akavileta sokoni kwetu, kwa sababu mtu wa Busia umpe nyama, umpe samaki, usipompa ugali wa mtama na muhogo atakwambia bado hajala.

Enzi hizo kupiga simu kutoka Uganda kuja Kenya kulikuwa kunameza kredo yote kabla hujamaliza salamu. Na salamu zetu si unazijua: mulembe, watoto, ng'ombe, mvua, mguu wa shangazi. Norah akanunua ile simu ya Kichina ya laini mbili, moja ya huku, moja ya huko, yenye spika ya kusikika soko zima. Akawa ndiye posta yetu. Mtu wa Sikuda anampigia kwa laini ya Uganda, naye anampigia mtu wa Marachi kwa laini ya Kenya, habari imefika. Na kwa kuwa hakuna aliyejua saa hiyo yuko upande gani, kila aliyempigia alianza na swali moja hata kabla ya mulembe: "Norah, umesimama wapi?"

"Nimesimama kwa mashine ya kusaga," anajibu. Au, "Nimesimama Sofia, sema haraka."

Baadaye akaligeuza lile swali. Ukimletea habari, yeye ndiye anayekuuliza wewe umesimama wapi. Ukisema umesikia kwa fulani, anakwambia, "Basi nenda usimame pale, ndiyo uje uniambie." Siku moja nilimpigia kumwambia sukari imeshuka bei ng'ambo. Akaniuliza nimesimama wapi. Nikapiga mwayo. Nilikuwa nimelala. "Toka kitandani, wewe Mkenya!" akafoka, na ile spika yake ikawapa watu kicheko cha wiki nzima. Mpaka leo kuna wanaume wakubwa na familia zao wakiniona wanasema, "Maurine, toka kitandani."

Wasap ilipofika mpakani tukamwambia Norah afungue kundi. Jina hatukulitafuta. Likaitwa Umesimama Wapi, na sheria yake ilikuwa hiyo hiyo moja: sema kwanza ulipo, ndipo useme ulichonacho.

Nilichokipenda ni zile sauti. Hatukuandika sana, nani ataandika na mikono imejaa dagaa? Tulituma sauti. "Nimesimama kwa foleni ya malori, leo haisogei." "Nimesimama Kirewa, mtama umenyeshewa, usinunue kwa kuangalia juu, tia mkono mpaka chini ya gunia." Nyuma ya sauti unasikia jogoo, unasikia mashine, mtoto analia, mtu anaitwa kwa Kisamia. Nilikuwa nawasha simu kabla ya kuwasha jiko, nakaa hapo nausikiliza mpaka wote wa nchi mbili ukiamka. Hakuna aliyelipwa. Mtu akikupa habari nzuri unamwambia asante, na ukikutana naye sokoni unamtilia dagaa za kuongeza.

Na ukitokea msiba, hapo ndipo kundi lilikuwa kundi. Inakuja sauti ya Norah: "Nimesimama bomani kwa marehemu." Basi. Hakuna anayeuliza zaidi ya njia. Wa Kenya wanavuka na kuni, wa Uganda wanakuja na ndizi, na Okochi anabeba masufuria. Okochi ni yule bwana ambaye polio ilimchukua miguu utotoni, anavusha mizigo ya watu mpakani kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono. Ana mabega ya nyati na ulimi mrefu kuliko wangu. Alikuwa akifika matangani anapaza sauti, "Sufuria zimefika, sasa lieni vizuri!"

Norah alipokuwa akiwaita watu kwa misiba ya wengine, alikuwa na jambo lake moyoni. Nililijua kwa sababu nililisikia kwa mama yake. Mama yake aliitwa Taaka, lakini sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Kila msimu nilikwenda na Norah Sikuda kumenya mihogo, na siku moja tukiwa tumekaa na visu Kukhu akatueleza jinsi alivyomzika mumewe. Ilikuwa wakati wa vita, watu wamekimbilia Kenya. Alibaki yeye, shemeji yake, na mpita njia mmoja waliyemsihi asaidie kushusha mwili. Waliufunga kwa mkeka. "Hata wa kuimba hapana," akasema. "Tulifukia kimya, tukakimbia." Kisha akaendelea kumenya, akasema kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Mimi hapana taka jeneza ya bei. Mimi nataka watu."

Norah ndiye mtoto pekee aliyembakia. Akamshika goti. "Mama, watu watakuja. Hawa wote ninaowaita, siku yako watakuja."

Kukhu akamtazama, akamtazama tena, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Mkenya uje, lakini usiimbe."

Sasa aje Osborn. Osborn ana kibanda cha kutengeneza simu upande wa Uganda, naye alikuwemo kwenye kundi letu. Nataka ijulikane mapema kwamba si mtu mbaya, Mgala muue na haki yake mpe. Simu zetu zikianguka ndani ya ndoo ya dagaa, ni yeye aliyezikausha bila kuziba pua. Siku hiyo alikuja sokoni na fulana mpya na jambo jipya. Kulikuwa na mahali kwenye simu panaitwa Baraza Letu. Ukiweka habari pale unapata pointi. Watu wakiipigia kura habari yako, pointi zinaongezeka. Hata yule anayepiga kura anapata chake kidogo. Pointi zikitosha zinageuka kredo.

"Mama Norah, hii kazi nyinyi nafanya bure miaka yote," akamwambia. "Sasa kampuni nataka kulipa nyinyi. Ubaya iko wapi?"

Norah alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. "Nikimwambia jirani mvua inakuja, aanue nguo, nikalipwa," akasema. "Siku nisipolipwa, nguo zake zilowe?"

"Utamwambia tu, Mama."

"Mimi ndiyo. Je, wewe?"

Osborn akacheka, na sisi tukamcheka Norah, tukamwambia anazeeka. Tukahamia Baraza Letu wote, na Norah akatufuata kwa sababu mtu hawezi kukaa peke yake kwenye kundi akijiuliza amesimama wapi.

Sitasema uongo, mwanzoni kulikuwa kuzuri. Watu waliokuwa kimya wakapata midomo. Akina mama waliokuwa wakiazima simu wakapata kredo yao wenyewe, wakapiga simu kwa watoto wao waliokuwa mbali. Na mimi nilivuna, nisijitie utakatifu. Ulikuwa ukisema jambo la maana, watu wanakupigia kura, unaona kweli wamekuthamini.

Kisha wakaja watu wa salamu. "Habari za asubuhi wapendwa, nipe kura nami nikupe." Mtu mmoja anatusalimia asubuhi mara saba! Asubuhi ni ngapi kwani? Wakaja wa maombi, andika amina usipite. Zikaja picha za ajali. Siku moja tukaletewa lori limeanguka, ati liko Malaba, watu wakalia, wakapiga kura, mpaka Okochi akauliza mbona lori lina theluji juu ya paa. Theluji, jameni, Malaba! Bei ya mtama ikawa inatangazwa na watu ambao mtama wanaujua ukiwa kwenye sahani. Chini ya kila habari Norah aliandika, "Umesimama wapi?" Hakujibiwa. Mmoja tu ndiye aliyemjibu: "Mama tulia, ni kura tu." Na kwa kuwa swali lake halikupata kura, lilizama chini huko, hakuna aliyeliona tena.

Yeye hakuacha. Alikwenda Kirewa, akasimama kwa Ogwang, akatia mkono ndani ya gunia, akatutumia sauti kwamba mtama wa msimu huo una wadudu. Habari ya kuokoa biashara ya watu! Alipata kura mbili, yangu na ya Okochi. Siku hiyo hiyo mtu mmoja aliweka picha ya paka aliyevaa kofia, sitaki hata kusema alipata ngapi.

Lakini paka hakuushinda msiba. Msiba ulipata kura kuliko chochote, maana nani atamnyima marehemu? Na aliyetangaza kwanza ndiye aliyevuna, wa pili alipata makapi. Watu wakaanza kushindana kuwahi maiti. Ndiyo, nimesema hivyo, kuwahi maiti. Tulifika mahali mtu anaugua kifua na watu wanamwandalia picha.

Mwaka jana msimu wa mvua Kukhu akashikwa na kifua. Wanawake wa kanisa lake wakaamua kwenda kumwombea nyumbani, na kwa kuwa mvua ilikuwa haina adabu, wakakodi tenti na viti. Sasa wewe mtu wa kwetu niambie. Umeona pikapu imebeba tenti na viti vya plastiki, inakata kona kuingia boma la bibi mgonjwa. Utafikiri nini? Kwetu tenti ni harusi au ni matanga, na pale hapakuwa na bibi harusi. Osborn alikuwa anapita na pikipiki akielekea Tororo kununua spea. Akaliona lile tenti. Angeingia mita chache tu ndani ya boma angesikia wanawake wanaimba nyimbo za kusifu. Hakuingia. Alipiga picha kutoka barabarani, akaandika, "Pumzika kwa amani Kukhu Taaka, mama yake Norah," akaendelea na safari.

Norah alikuwa kando yangu anapima mihogo. Simu ikaanza kulia, ikalia, ikalia, kura na vipicha vya mishumaa na pole. Alisoma, kisha akakaa chini juu ya mihogo ya mteja. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Woi, nililia mpaka mtu wa forodha akatoka nje! Tukafunga vibanda, tukachukua kuni, tukavuka na bodaboda, wanawake wa soko zima, na kama ilivyo kwetu tulianza kuomboleza tangu pale njia inapoingia bomani. Tuliingia mbio, mikono kichwani, kanga zinaburuta matope.

Chini ya tenti alikuwa amekaa Kukhu na kikombe cha uji.

Nyimbo zikanyamaza. Kilio chetu kikakatika. Kukhu akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi nalia nani?" akauliza. Norah alipiga magoti matopeni, akamshika miguu, na ndipo akalia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kukhu alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga. Aliona kuni tulizozibwaga langoni. Akaweka kikombe chini.

"Maurine," akasema, "mimi sikusema wewe usiimbe?"

Watu wakacheka, ile ya kufuta machozi. Yeye hakucheka. Akamwambia Norah kwa Kisamia, taratibu, na mimi nilisikia vizuri: "Machozi yangu mmeyatumia leo, mwanangu. Siku nitakayokwenda kweli, mtanililia na nini?"

Kesho yake Norah akaenda kibandani kwa Osborn, mimi nyuma yake na matusi yangu nimeyapanga tayari. Hakuniachia nafasi. "Ulikuwa umesimama wapi?" akamuuliza.

"Barabarani, Mama."

"Uliona nini?"

"Tenti."

Norah akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba amejibiwa vizuri, akaondoka. Osborn alishaandika kwamba alikosea. Lakini msamaha hauna kura, ndugu yangu. Kifo kilikuwa juu kabisa kinang'aa mishumaa, na uhai wa Kukhu ulikuwa chini huko na paka wamekanyaga juu. Kwa majuma mengi watu walimsimamisha Norah njiani kumpa pole. "Yuko hai," anawaambia, "jana amenituma chumvi." Mwanamke mmoja akamjibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nilimwambia huyo mwanamke maneno ambayo sitayarudia hapa kwa heshima ya wasomaji.

Likaja kweli. Mwaka huu, kiangazi, Kukhu aliamka asubuhi, akaomba maji, akayanywa nusu, akamshika Norah mkono akaondoka. Hivyo tu. Norah alikuwa peke yake naye. Alirekodi sauti akaiweka Baraza Letu, maana ndiko watu wote walikokuwa. Mpaka leo ninayo. "Nimesimama kwa mama. Nimemshika mkono. Mama ameenda. Tutamzika kesho. Njooni."

Nilifika nikamkuta ameshaazima masufuria makubwa, amefagia boma mpaka njiani. Alinionyesha simu. Kura zilikuwa zinapanda tukiziangalia, mishumaa, mioyo, mikono ya kuomba. "Maurine, tazama watu walivyo wengi," akasema. "Maji ya chai yatatosha?"

Tulingoja. Jua likapanda. Alifika Okochi, jasho linamtiririka, na sufuria mbili. Walifika wanawake wachache wa kanisa. Tukangoja tena. Kila pikipiki ikipita Norah anainua kichwa. Jua likafika utosini, mbele ya nyumba kulikuwa na viti vitupu na mbwa mmoja.

Nikaanza kupiga simu. Wa kwanza akaniambia, "Kukhu Taaka? Si tulimlilia mwaka jana?" Wa pili, "Nilidhani ni ile ya Osborn inazunguka tena." Wa tatu ndiye aliyenichoma. Alisema kwa roho safi kabisa, "Pole sana, mpe Norah pole. Mimi nimeshapiga kura." Nikatuma sauti kwenye kundi letu la zamani vilevile. Hakuna aliyeifungua. Norah alikuwa amekaa mlangoni, simu mapajani bado inalia kura moja moja. Akaizima. "Nilimwahidi watu," akasema.

Basi nikasimama. Nikamwambia Okochi, "Wewe chukua Sofia, mimi navuka." Nilikwenda na nguo zile zile, na majivu ya jiko mikononi. Nilianzia kwa mashine ya kusaga, kwa mama Sylvia mwenye mashine, mzee mwenzangu kabisa, alikuwa kwenye kundi tangu siku ya kwanza. Nikamwambia Kukhu amefariki. Alinitazama kwa shaka, uso mweupe kwa unga. Nilijua anafikiria tenti. Akazima mashine, kelele ikakatika, akaniuliza lile swali ambalo nilikuwa sijaulizwa na mtu ila Norah tangu tuhamie Baraza Letu.

"Maurine, umesimama wapi?"

Machozi ambayo Kukhu alisema tumeyatumia, kumbe yalikuwepo. "Nimetoka kwa mwili," nikasema. "Nimemgusa mimi mwenyewe. Ni baridi."

Mama Sylvia akavua aproni, akaitundika, akafunga mlango na wateja wakiwa na magunia yao nje. "Twende kwa wengine," akasema. Tulikwenda kibanda kwa kibanda, na wakati huo tulikuwa wawili, kisha watu wakawa wanatufuata, kila mmoja anamwambia mwenzake, Maurine amesimama kwa mwili, Maurine amemgusa. Hakuna aliyeitazama simu.

Kesho yake walikuja. Walianza kuingia kabla umande haujakauka, wa Marachi na kuni, wa Sofia na ndizi, watu wa Kirewa wakishuka kwenye gari dogo na Ogwang mbele akiwa na gunia la mtama begani, mzee yule, amekataa kusaidiwa. Okochi alipaza sauti yake ile langoni, na safari hii hakuna aliyecheka, tulilia tu. Viti havikutosha. Watu walikaa juu ya mizizi, juu ya mawe, juu ya jiwe la kusagia la Kukhu. Norah alipita katikati yao akigusa huyu bega, huyu mkono. Waliimba mpaka nikasikia vifua vyao vinatetemeka. Mimi sikuimba, niliheshimu.

Mwili ulipokuwa unashushwa nikamwona Osborn. Alikuwa kule barabarani, juu ya pikipiki, pale pale alipopigia picha ya tenti. Simu iko mkononi lakini hakuinyanyua. Nilikuwa naanza kwenda kumfukuza, haki nilikuwa nimeshakaza leso, Norah akanishika mkono. Akaenda mwenyewe. Watu wakampisha.

"Osborn," akamwita, "umesimama wapi?"

Osborn akashuka kwenye pikipiki. "Barabarani, Mama."

"Basi ingia ndani."

Akaingia. Watu walimtazama, naye akawa anatazama chini, mpaka mwanamume mmoja akampa koleo. Alifukia kaburi mpaka fulana ikamshika mgongoni, wengine wanapokezana yeye hapokezani. Norah alikaa juu ya kiti cha mama yake, simu yake imezimwa bado.

Tulipomaliza, watu wakaanza kwenda kunawa mikono. Simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa nikidhani ni zile kura za Baraza Letu. Ilikuwa kundi letu la zamani, Umesimama Wapi, sauti moja mpya. Nikaiweka sikioni kwa Norah, tukaisikiliza pamoja. Ilikuwa ya Osborn, anahema, na nyuma yake sauti za watu, maji yanamwagwa, masufuria, mtoto analia, mtu anaitwa kwa Kisamia.

"Nimesimama kwa kaburi ya Kukhu Taaka," alisema. "Tumemaliza kufukia. Watu iko mingi. Mingi sana."